Jioni Luul Alipotembea Kichwa Chini

Kisii Mjini,
Mwezi wa Shaaban, 1957

Kwa kaka yangu Warsame,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi yangu Kaltuma, pamoja na huyo bibi mdogo Luul ambaye sasa tunamjua kwa sura nyumba nzima. Je, kile kikohozi cha wifi kimepoa? Mwambie asikae kwenye baridi ya Nairobi na kitambaa chepesi kichwani kama aliye Mombasa. Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza kwa fujo na matope yamefika mlangoni. Mume wangu Gulled anakusalimu, ingawa lori lake limekwama mara mbili wiki hii na hana uso wa kusalimu mtu. Watoto wanakusalimu. Mama Mong'ina wa Nyakoe, anayetuletea maziwa na ndizi tangu siku za marehemu Mama, naye anakusalimu kwa Kikisii chake, bwakire, na anauliza kama huko mjini bado unakula wimbi au wamekuharibu kwa mkate.

Kaka, nianze na shukrani kabla sijapotea kwenye habari, maana unanijua mdomo wangu. Sanduku lilifika. Mashine ya sinema haikuvunjika, taa haikuvunjika, na ile filamu ilikuwa kavu ndani ya mkebe wake. Ahsante sana. Na barua uliyoweka juu yake niliisoma nimesimama jikoni, maziwa yakachemka yakamwagika jikoni kote, nami nikayaacha. Uliniambia kwamba tajiri wako mpiga picha anahamia Aden baada ya Ramadhani na anataka mwende naye. Ukasema miaka miwili umemwandikia Baba na hujapata hata mstari mmoja. Ukasema filamu hii ya mwanao ndiyo hodi yako ya mwisho, na Baba akinyamaza tena, utapanda meli na hutauliza habari za Kisii maisha yako yote.

Sikukasirika. Mimi nilikuwepo siku ulipoacha biashara ya ngozi ukaenda kubeba kamera za watu. Nilimsikia Baba akisema mbele ya duka, wateja wakiwa wamejaa, kwamba mtu anayeuza vivuli atakula vivuli. Maneno hayo hata mimi yalinichoma. Na tangu hapo kila barua yako ilipofika niliipeleka mikononi mwake, naye aliishika, akaiinua kidogo, akaitia mfukoni mwa koti. Nikadhani anakwenda kuisoma chumbani. Nilipomuuliza Warsame anasemaje, alinijibu kwamba anasema wazima. Basi nikajua moyo wake umekuwa jiwe, nikawa namtilia chai kwa kishindo.

Kwa hiyo sanduku lilipokuja sikumwuliza kama anataka sinema. Nilimwambia tu kwamba kutakuwa na sinema sebuleni kwangu na kwamba atakuja. Alisema yeye si mtu wa sinema. Nikamwambia mjukuu wake aliyepewa jina la marehemu mkewe ndiye atakayeonekana humo, na asipokuja nitaileta mashine chumbani kwake. Akanyamaza. Kwetu kimya cha Baba ndicho kibali.

Kupata siku kulikuwa kazi. Ijumaa jioni Mama Mong'ina hawezi, Sabato yake inaingia jua likizama. Nami sikutaka kufanya bila yeye, maana ndiye aliyemwosha Mama katika ugonjwa wake wote. Tukapatana iwe Jumamosi baada ya magharibi, Sabato imetoka na sala imeshasaliwa, naye alale kwetu. Alikuja na ndizi mbivu na kikapu cha karanga, akiwa amevaa kitambaa cha kanisani kana kwamba anakwenda kubatizwa upya.

Sasa kaka, wewe ulinieleza habari za taa na za mpini wa kuzungusha, lakini hukunieleza habari za wanyama, na nyumba hii unaijua. Kuna Zabibu, yule paka wa Mama, amezeeka na anaamini kila kitu kirefu chembamba ni nyoka wa kuchezea. Kuna ndama yatima ambaye Gulled anamlaza kona ya sebule kwa sababu ya baridi, na ndama huyo hulamba chochote, hata mguu wa mgeni. Na mashine yako inakula betri ya lori, ambayo ndani yake mna maji makali ya kuunguza ulimi hadi mfupa. Nikajiona nikikuandikia barua nyingine kabisa, ya msiba.

Nikafanya kazi kama mama wa harusi. Betri niliipandisha juu ya meza ndefu na kuizungushia masanduku ya chai, ndama asifike. Waya niliupitisha chini ya mkeka, nikaukandamiza na vinu viwili. Zabibu nilimwekea kikapu chake mbali na taa, maana kioo cha taa kinawaka moto kama kikaango, na mlango wa jikoni nikauacha wazi kidogo, ili mashine ikianza kelele zake mnyama akiogopa apate pa kukimbilia badala ya kuparamia watu. Sambusa zilikuwa na vitunguu na pilipili, nikatangaza kwamba mtoto atakayemtupia mnyama hata kipande atakula mkono wangu. Bisi tu, bila chumvi, ndizo zilizoruhusiwa. Gulled alicheka akasema serikali inapoleta gari lake la sinema sokoni haina sheria nyingi kama zangu. Nikamjibu kwamba gari la serikali halilali na ndama.

Akabaki mbwa. Huyu humjui, alikuja mdogo baada ya wewe kuondoka, Mama Mong'ina alitupa alinde stoo ya ngozi. Tunamwita Karani kwa sababu hukaa mlangoni akimtazama kila anayeingia kana kwamba atamwandika. Unajua sheria ya Baba, tangu tulipokuwa wadogo: mbwa mahali pake ni nje, na chombo alichokigusa kwa ulimi kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba hii. Basi nilishamwekea gunia barazani. Lakini Baba alipofika, mvua inapiga mabati, alisimama mlangoni akasema Karani aingie naye. Tulitazamana. Gulled alisema pole pole kwamba mbwa amelowa. Baba akasema akaushwe basi, naye ni kiumbe cha Mungu, na alazwe karibu na kiti chake. Mimi nilimkausha mbwa kwa gunia huku nikiwaza kwamba Baba ama amelainika sana au anaumwa.

Tulikaa vizuri, kaka. Laiti ungetuona. Watoto kwenye mkeka na bakuli la bisi katikati, Mama Mong'ina na karanga zake, ndama amelala, Zabibu ameacha kikapu nilichomtengenezea akaenda mapajani mwa Gulled, shuka jeupe la Mama limetandazwa ukutani, na Baba kwenye kiti chake, Karani miguuni, kamba ya mbwa imezungushwa kwenye vidole vyake kama tasbihi. Nilizima kandili. Nikazungusha mpini kama ulivyoniambia, pole pole bila kukatiza.

Na hapo ndipo aibu yangu ilipoanza, ingawa nusu yake ni yako, maana kumbe filamu haikuwa imezungushwa kurudi mwanzo, nami niliivalisha kama nilivyoikuta. Picha ilitokea juu chini. Uwanja wenu uko juu, mbingu chini, na mtoto mwenye gauni jeupe anatembea kama popo, miguu juu kichwa chini, tena anarudi kinyumenyume akitoka mikononi mwako. Watoto walianguka kwa kicheko. Gulled alicheka hadi paka akashuka. Mama Mong'ina akauliza kama Nairobi watu wanatembea hivyo siku hizi. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye mashine natafuta kosa.

Ndipo Baba akasema, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu Mama afe, mashallah, tazameni anavyokwenda wima, ametembea kama bibi yake.

Kicheko kilikatika. Mtoto wangu mkubwa alifungua kinywa aseme, na Mama Mong'ina, Mungu ambariki, akakijaza karanga. Niliinua macho nikamtazama Baba. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye sauti ya mashine, kwangu, wala haukuelekea ukutani. Alikuwa anatabasamu. Warsame, niliacha kuzungusha. Mambo yote yakanijia mara moja: kwamba siku hizi anaipapasa ngozi badala ya kuitazama, kwamba msahafu wake umeshika vumbi naye anasoma kwa moyo, kwamba kikombe chake lazima nikiweke mahali pale pale au anagomba. Na mimi nilikuwa nayaita kiburi cha uzee.

Sikujua la kufanya. Nilisema taa imepata joto, nikaifungua filamu, nikaizungusha upya. Picha iliporudi sawa nilianza kusema kila nilichokiona, kwa sauti, eti nawasimulia watoto. Nilisema Luul amesimama sasa, ameshika ukingo wa kiti. Ameachia. Ana vishimo mashavuni. Hatua ya kwanza, ya pili, ameyumba, baba yake ameingia kwenye picha, amekonda kidogo na amefuga ndevu, amepiga magoti, amemfungulia mikono. Mama Mong'ina alielewa, akanisaidia, akisema na hiki je, na gauni ni la rangi gani. Nikajibu kwamba picha haina rangi lakini kwa jinsi lilivyong'aa ni jeupe. Tuliirudia filamu hiyo mpaka betri ikachoka. Kila mara Luul alipofika mikononi mwako nilisema amefika, na kila mara Baba alisema alhamdulillahi.

Asubuhi aliniita barazani. Alisema mimi si mwerevu wa kuficha kama ninavyodhani, kwani hakuna anayewasimulia watoto wenye macho mambo wanayoyaona. Kisha akaniambia yote, nami nimepewa ruhusa nikuandikie, ndiyo sababu ya barua hii.

Baba haoni, kaka. Ukungu ulianza mwezi ule ule ulipoondoka, jicho moja kisha la pili, na sasa anatambua mwanga na giza tu. Aliona kwamba mfanyabiashara wa ngozi akijulikana haoni ataibiwa hadi mkeka wa kusalia, basi akanyamaza. Alfajiri kabla hatujaamka, Karani ndiye anayempeleka msikitini. Baba amemfunga kamba ndefu ili mate yasimguse, na mbwa akifika penye mtaro husimama mpaka Baba aupime kwa bakora. Hakuna aliyemfundisha. Baba alisema mbwa aliyemwongoza usiku na mvua, yeye hawezi kumfukuza nje siku ya furaha.

Na barua zako zote ziko chini ya mto wake. Alisoma ya kwanza tu, kwa tabu. Zilizobaki hazijafunguliwa, kwa sababu angemwomba mtu amsomee na mtu huyo angejua. Alisema hasira yake kwako iliisha kabla ya Idi ya kwanza. Alisema aliposhindwa kuandika aliona ni afadhali mwanawe amdhanie mkali kuliko amwonee huruma. Nikamwambia, na Mungu anisamehe kwa ulimi wangu, kwamba huo ni upumbavu wa wazi. Akakubali. Nilikuwa sijawahi kumsikia Baba akikubali jambo.

Tangu siku hiyo namsomea barua zako, moja kila jioni, Karani akiwa ndani. Penye kuchekesha anacheka. Ile uliyoandika Luul alipozaliwa nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine, na bado anasema irudie. Mimi nashukuru, kaka. Namshukuru Mungu, nakushukuru wewe na mashine yako, na nalishukuru hata lile kosa la filamu, maana lisingetokea ungekwenda Aden na sisi tungebaki hapa, kila mmoja na kisirani chake.

Gulled alikwenda kumwuliza daktari. Anasema ni mtoto wa jicho, na kwamba Kisumu wapo wanaoweza kuukata ukungu huo, labda jicho moja likarudi. Hakuahidi. Gulled alijitolea kumpeleka kwa lori wiki hii hii. Baba amekataa. Nilidhani ni ukaidi ule ule, nikaanza kupanda sauti, akaniinulia mkono akasema niandike maneno yake kama yalivyo, nisiongeze pilipili zangu. Nayaandika:

“Mwambie Warsame nimemwona mwanawe, nimemwona kwa mdomo wa dada yake. Sasa nataka kumshika uso kwa mikono yangu. Na mwambie kwamba Kisumu siendi na mtu mwingine ila yeye. Mbwa hatanifuata mpaka ndani ya hospitali, na mimi nahitaji wa kunishika mkono.”

Basi, kaka, nakuachia hapo. Msalimie wifi, mbusu Luul mashavuni palipo na vishimo. Mama Mong'ina anamfuga bata kwa ajili yenu na amekataza mtu yeyote kumchinja. Mkija, shukeni mbele ya duka. Karani atawatazama sana, msiogope, ndiyo kazi yake.

Wassalaam,
mimi dadako akupendaye,
Roda binti Salat