Reli ya Baba Imerudi Endasak

Jumamosi, mwisho wa Julai. Ukungu haujaondoka mlimani tangu juzi, na baridi ya leo ni ile ya kuvaa sweta mbili na bado unajikunyata. Naandika nikiwa Endasak, nyumbani kwa wazazi wangu, kwenye meza ambayo mama anachambulia maharage. Simu ina chaji kidogo, kwa hiyo sitapamba maneno.

Nimekosa. Nianzie hapo.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: niko kwenye kikundi cha watu sita. Tunajitolea, tunakusanya kumbukumbu za watu wa Mbulu na Hanang waliofanya kazi kwenye reli. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, na wana haki. Huku kwetu hakuna reli. Ukisimama Katesh ukatega masikio kutwa nzima hutasikia treni. Lakini wanaume wa milima hii waliondoka, kutoka Bashay, kutoka Gitting, kutoka hapa Endasak, wakashuka mpaka Singida na mbele zaidi kutafuta kazi kwenye magenge ya reli. Walibeba mataruma, yale magogo ya kulalia reli, walishindilia kokoto, walikaza boliti juani. Wengine walirudi na taa, au kofia, au filimbi. Wengine hawakurudi kabisa.

Vitu tunavyopata tunavitunza kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mzee Hamisi, pale Katesh. Baba yake alikuwa karani wa tiketi, na yeye ndiye mwenyekiti wetu. Jumamosi moja kila mwezi tunazunguka vijijini, kwa pikipiki na kwa miguu. Tunakaa na mtu, tunaandika anachosimulia, tunapiga picha. Kama ana kitu na ameridhia kukitoa, tunajaza fomu ndipo tunakichukua.

Fomu niliitunga mimi. Kazi yangu ni masjala, na nina ugonjwa wa kuamini kwamba kila jambo likipata jalada lake dunia itatulia. Fomu hiyo ina mstari unaouliza: Mwenyewe ameridhia? Mwezi wa tano nilijaza fomu ya kipande cha reli kilichokuwa kengele ya shule ya kijijini kwetu. Kwenye mstari huo niliandika: Shule imeridhia.

Mwenyewe alikuwa baba yangu.

Baba alifanya kazi kwenye genge miaka mingi, mimi nikiwa mdogo. Siku aliyoacha kazi alimwomba mnyapara wake kipande cha reli iliyochakaa, kilichokatwa na kutupwa kando ya njia. Alikileta kwa lori mpaka Katesh, kisha akakiburuza kwa ng'ombe mpaka hapa. Shule ilikuwa inagonga jembe bovu. Baba alikitundika mwenyewe kwenye mti ulio mbele ya ofisi ya walimu, akawaachia na boliti la kugongea. Nilisoma shule ile. Nimeingia darasani kwa sauti ya reli ile miaka saba, na kuchelewa kwangu kote kulitangazwa nayo.

Ndiyo maana niliitaka. Nilitaka iwe katikati ya chumba chetu, ikiwa na kibao chenye jina la baba. Baba alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto haumtii tena, na maneno yake yamekuwa machache. Nilijiambia mgonjwa asisumbuliwe na mambo ya fomu. Huo ulikuwa uongo. Niliogopa angekataa.

Walimu walikubali haraka, wakatushushia reli wenyewe, tukawapa rimu ya lori iwe kengele mpya. Tluway, fundi wetu wa kuchomelea, akaichukua reli karakana kwake. Ni mtu wa roho safi na mkono mwepesi mno. Alisugua kutu yote, akachomelea vitanzi viwili vya chuma, kimoja kila ncha, ili ikae vizuri ukutani, kisha akaipaka rangi ya fedha mara mbili. Ilipendeza. Nilipiga picha nikaiweka hapa, na mkanipongeza sana.

Wiki tatu zilizopita wifi yangu Neema, mke wa kaka yangu, anayewauguza wazazi, alinipigia. Alisema baba hali mchana. Akiletewa chakula anasema bado haijapigwa.

Sikuelewa. Neema alinieleza polepole, kama mtu anayezungumza na mgeni. Kitanda cha baba kiko upande wa dirisha linalotazama korongo, na shule iko ng'ambo ya korongo hilo. Tangu augue, siku yake yote ilikuwa inakwenda na reli. Ikipigwa ya asubuhi anaomba anyanyuliwe akae. Ya mapumziko anakunywa uji. Ya mchana anakula. Rimu ya lori inapigwa kila siku na anaisikia, lakini haihesabu. Anasema hiyo ni ya watu wengine.

Nilikuja kumwona kesho yake. Nilimuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Nyumbani tunazungumza Kiiraqw, lakini jibu lake ni fupi kwa lugha yoyote.

"Hukuuliza," alisema.

Nimekaa na wazee wangapi, daftari magotini, nikiuliza jina la mnyapara, aina ya uji waliokunywa, wimbo wa kuinulia taruma? Aliyenizaa sikumuuliza hata mara moja. Nilidhani namjua.

Kikundi kilikutana. Tluway aliumia, sitaficha. Alisema kazi yake ya siku nne inarudishwa kwenye mvua. Mzee Hamisi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti yake ya dukani, "Mwanangu, tumechukua kitu kinachofanya kazi tukakilaza. Tukirudishe." Hakuna aliyebisha tena. Leo asubuhi tukaifunga reli kwenye gunia, tukaikaza nyuma ya pikipiki ya Tluway, mimi na Mzee Hamisi tukafuata kwa nyingine.

Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, ingawa nadhani kikundi chetu kimeanza kumchosha. Tluway alipanda mtini, akapitisha waya kwenye vitanzi vyake viwili, akaikaza reli ikae sawa, imelala kama rafu. Nilishika boliti la baba, nikapiga.

Ikatoa sauti ya mlango wa kabati.

Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi. Hivyo hivyo. Simu yangu ikaita. Neema.

"Wifi, baba anauliza mnapiga nini huko."

"Mwambie ni reli. Tumeirudisha."

Nikamsikia akimwambia, kisha sauti ya baba kwa mbali, inayotoka kwa shida.

"Anasema hiyo mmeifunga. Reli haifungwi mikono miwili. Anasema itundikwe kwa tundu lake la boliti, moja tu, ncha moja, iachwe ining'inie. Na anauliza mbona mmeivisha nguo."

Tundu lile lilikuwa limeziba kwa rangi. Wote sita tuliligusa mezani kwa Mzee Hamisi, tukaliandika kwenye fomu kuwa "alama ya uchakavu", na hakuna aliyejiuliza kazi yake. Kikundi cha kuhifadhi reli. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Tluway aliifungua reli. Alishuka nayo, akakaa chini na bisibisi akaanza kuchokonoa tundu. Mimi na Mzee Hamisi tukachukua msasa na vipande vya chupa, tukakwangua rangi pale boliti linapogonga. Mzee yule ana miaka sabini kasoro, alipiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake. Ilituchukua karibu saa mbili. Mikono yangu bado inameta rangi ya fedha ninapoandika.

Ikatundikwa kwa mnyororo, ncha moja. Ikazunguka kidogo, ikatulia. Nikapiga mfululizo, kama mwalimu wa zamu anavyopiga ya kuingia.

Nilikuwa nimeisahau. Ililia ikavuka korongo, na mbwa wa upande wa pili wakajibu. Mama mmoja aliyekuwa anavuna mahindi jirani na shule aliinuka akaangalia, Jumamosi kuna nini. Tluway alivua kofia, akajifanya anajikuna kichwa.

Nilivuka korongo nikikimbia, kwa umri wangu huu. Nilimkuta baba ameketi kitandani, Neema amemshika mgongo, na mama amepiga magoti sakafuni na viatu mkononi. Vile viatu vyake vya ngozi, vizito, alivyovaa mara ya mwisho kabla ya kuugua.

"Anataka viatu," mama alisema. "Anasema imepigwa ya kuingia."

Nilivichukua nikamvalisha mimi. Mguu wa kulia aliusukuma mwenyewe. Wa kushoto niliuingiza kama ninavyomvalisha mtoto, nikafunga kamba. Tukamtoa nje mimi na Neema, tukamkalisha kwenye benchi ukutani, blanketi mabegani. Alikuwa hajatoka nje tangu Pasaka. Mzee Hamisi alifika nyuma yangu, akatoa shikamoo yake kwa heshima zote, na baba akaitikia vizuri, karibu neno zima. Kisha akatazama upande wa shule. Mchana alikula sahani nzima ya makande.

Wenzangu waliaga wakaondoka. Saa kumi upepo ulianza kukaza nikamwambia baba turudi ndani, nimvue viatu. Akakataa kwa kichwa. Nikamwambia baridi. Akakataa tena. Mama alijaribu, Neema akajaribu.

"Haijapigwa ya kutoka," alisema.

Leo Jumamosi. Hakuna mwalimu wa zamu, hakuna wa kupiga. Nilisimama niende, kisha nikagundua kwamba sijui. Ya kuingia niliijua, kila mtoto wa shule ile anaijua. Lakini walimu wetu walikuwa wanapiga vilevile kuingia na kutoka. Kumbe baba alikuwa anasubiri ya genge, waliyopigiwa kuweka nyundo chini, na hiyo siijui. Haimo kwenye daftari langu lolote. Mzee Hamisi hawezi kuijua, baba yake karani alifuata saa ya ukutani.

Nikachuchumaa mbele ya baba. Nikamuuliza.

Aliniangalia. Akainua mkono wake wa kulia, akanyoosha vidole vitatu, kimoja kimoja, polepole. Akakunja ngumi, akaishikilia hewani. Kisha akanyoosha kidole kimoja.

Tatu, kimya, moja. Miaka yote hii ilikuwa hapo, kwenye mkono wake.

Nilishuka korongo na kupanda tena. Uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Nilishika boliti nikasimama chini ya mti. Niliona wazi ninachotaka kufanya. Baba amekaa nje amevaa viatu, ana miaka themanini na kitu, nusu ya mwili imeshalala, na mimi mwanae ndiye ninayekwenda kumwambia kazi imekwisha. Je, akiamini? Nilifikiria kurudi nikamdanganye kwamba imepigwa. Nilifikiria kumpigia Neema amvue tu viatu kwa nguvu.

Nililia kidogo. Hakukuwa na wa kuniona.

Kisha nikafikiria wale watu wa genge, jua linazama, mikono imechanika, wamesimama na nyundo wanasubiri, na aliyeshika boliti haji. Nani anamfanyia mtu hivyo?

Nikapiga tatu, kwa nafasi. Nikaacha ilie mpaka ikaisha yenyewe. Nikapiga moja.

Njia ya kurudi sikukimbia. Niliogopa kufika. Benchi lilikuwa tupu na blanketi halikuwepo. Niliingia chumbani nikamkuta amelala, macho yamefumba, na nikakaza macho kwenye lile blanketi mpaka nikaliona likipanda na kushuka.

Neema aliniambia kwamba ile ya mwisho ilipolia, baba alishusha pumzi, akainua mguu wa kulia mwenyewe ili avuliwe.

Fomu nimeifuta na kuijaza upya hapa mezani. Mwenyewe: jina la baba. Ameridhia? Ameridhia irudi. Mahali inapotunzwa: shuleni, inapigwa kila siku. Chumbani Katesh tutaweka picha, na maelezo ya tatu, kimya, moja. Tluway ameshatuma ujumbe, anauliza kama vile vitanzi vyake avikate au vinaweza kubaki. Nitamwambia vibaki.

Mama alitaka kuvirudisha viatu uvunguni, nikamsikia baba akimkataza bila kufumbua macho. Viachwe mlangoni. Jumatatu kuna kazi.

Nimeomba ruhusa ofisini kwa simu, nimepewa. Jumatatu mwalimu wa zamu atapiga ya kuingia mapema, ukungu ukiwa bado umetanda. Kamba za viatu vile ni ndefu, na mguu wa kushoto haujisaidii. Itabidi niamke kabla haijapigwa.