Nikisema Nimeshiba

Mama, shikamoo. Nimetangulia shamba la kijiji. Mbuzi nimemfunga kwenye mpera. Uji wangu nimempa mdogo wangu Tatu, ~~maana nilikuwa nimeshiba~~ nikamdanganya kuwa nimeshiba.

Nisamehe kelele za asubuhi. Ulinishika mkono ukalia, "Mwanangu kachezewa!" Ukataka kumwita mganga, nami nikakufokea. Sijarogwa, Mama. Tangu Mhina, balozi wetu wa nyumba kumi, aniite kupe mbele ya mkutano, eti tumbo langu ni la mnyonyaji, sijamaliza mlo hata mmoja. Nilimjibu kwa shairi papo hapo, watu wakacheka, lakini aliyeumia ni mimi.

Mkanda nimeutoboa matundu matatu mapya. Kila mtu ananiambia nimekonda, ila mimi nikijitazama namwona kupe yule yule. Jana nilianguka na jembe mkononi, nikasema nimejikwaa. Naogopa kula, Mama, na kufa naogopa vilevile.

Mhina asijue. Akijua, nahama.

~~Jioni usinipikie.~~ Pika kidogo, ukae nami mpaka sahani iishe. Nikisema nimeshiba, usinisadiki.

Mwanao wa kwanza,
Isihaka