Wiki ya Tisa ya Anitha

Endabash, Karatu
6 Julai 2025

Dada Katarina,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya mwezi wa saba? Na shemeji, bado anashinda kwenye migomba ingawa daktari alimkataza? Huku ukungu unakaa juu ya mahindi yaliyokauka hadi saa nne asubuhi. Ningekupigia simu, lakini simu yako hupokelewa na wajukuu, nao huiweka sauti ya nje, na haya si maneno ya kusikilizwa na sebule nzima. Mwalimu Eliud anakuja Moshi kesho. Atakupa bahasha hii mkononi.

Habari yenyewe ni ya Anitha, mke wa Modest wangu. Ana mimba ya wiki tisa, ya kwanza, baada ya miaka minne ya kungoja. Sikukuambia mapema, unajua tunavyoogopa kutangaza jambo ambalo halijashika. Modest alikuwa Ngorongoro akiwaendesha watalii wake, tukawa nyumbani wawili tu.

Jumanne mchana tulikuwa tukichambua maharage. Anitha aliinuka, akakawia chooni, kisha akaniita nyuma ya nyumba na kunionyesha kitambaa. Ilikuwa damu, si nyingi, ya kahawia yenye wekundu kidogo. Alisema haumwi popote. Aliniuliza kama twende kituo cha afya.

Mimi, Dada, mwalimu mstaafu, niliyewafundisha watoto wa kata hii sayansi kwa miaka thelathini na mbili, nilimwambia alale, ainue miguu juu ya mto, na asimwambie mtu.

Nikueleze kwa nini. Jumamosi majirani walikuwa waje kwetu kupukuchua mahindi, na mahindi ya mjane hayapukuchuliwi na mjane peke yake. Wairaqw, watu wa marehemu mume wangu, wana kitu wanachokiita metimani. Mimba ikiharibika, nyumba ile hutengwa. Mwenye nyumba hachangii moto na jirani, hakatizi shamba la mtu, haingii kwa mtu wala mtu haingii kwake, miezi na miezi, ili msiba usiwafuate wengine. Siku hizi wengi wanasema wameiacha, na kanisani inakemewa. Lakini mzee aliyeiacha mdomoni bado miguu yake inaikumbuka akifika langoni kwako. Niliogopa neno lisije likatoka, basi nikamfungia Anitha chumbani.

Jirani yangu Selestina alipita jioni kumwulizia. Nikasema ana malaria. Alicheka, akasema malaria ya baridi hii labda imepanda basi kutoka Mang'ola kwenye joto. Nilicheka naye, nikamsindikiza haraka mpaka njiani.

Jumatano saa mbili asubuhi damu ikawa nyekundu kabisa. Tumbo lilimkaza chini, na alipojaribu kufika jikoni aliketi mlangoni, akasema anaona giza. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nilijua barabara yetu ilivyo, nikajua pikipiki haimfai. Nilimkimbilia Raphaeli, yule mwenye pikapu ya kubebea vitunguu. Aliniuliza mgonjwa ana nini. Nikasema tena malaria. Alipofika kwetu aliitazama kanga aliyokalia Anitha, akatupa magunia yake chini, akatandika godoro. Tulipokwisha kuondoka ndipo aliponiambia kwa upole kwamba yeye ana mabinti watatu, kwa hiyo mwalimu nisimfundishe malaria.

Simu ya Modest haikupatikana, kwani ndani ya kreta, chini kwenye bonde la Ngorongoro, mtandao ni wa kubahatisha. Nikampata dereva mwenzake, Dennis, aliyekuwa getini akisubiri kibali. Kwa hofu nikamwambia kila kitu: mimba, damu, hospitali. Dennis hakufanya kosa ila moja, alitumia redio ya gari. Alimwita Modest, na Modest hakusikia. Gari la jirani likasikia, likapokeza kwa gari jingine, na madereva wote wa Karatu waliokuwa chini kwenye kreta siku ile walijulishwa kwamba mke wa Modest wa Endabash anatokwa damu na mimba ni ya wiki tisa. Siri niliyoificha nyuma ya nyumba ilitangazwa mbele ya nyumbu na watalii.

Hospitalini Karatu tulipokelewa na muuguzi aitwaye Naishorua, binti wa kutoka Sale, mwenye sauti ndogo. Alimwuliza Anitha amebadilisha pedi ngapi, kama maumivu yako upande mmoja, kama bega linauma, kama amezimia. Kisha akauliza damu imeanza lini. Anitha alinitazama mimi kwanza, akajibu kwamba imeanza asubuhi hiyo. Sijawahi kuogopa jibu la mwanafunzi kama nilivyoliogopa hilo. Alikuwa amejifunza kwangu, kwa siku moja tu, kumdanganya mtu anayetaka kumwokoa. Nikasema hapana, imeanza jana mchana, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Naishorua aliandika kwanza. Halafu akaniambia, Bibi, kama mimba hii ingekuwa imetunga nje ya mji wa mimba, siku uliyoificha ingetosha kumuua.

Walimchukua damu, wakampeleka kwenye ultrasaundi. Daktari alikuwa amegeuza kioo upande wake, akawa anasogeza kifaa tumboni. Nilishika mguu wa Anitha, ulikuwa baridi. Niliyasoma maneno yote ya bango la ukutani mara tatu na sikumbuki hata moja. Hatimaye alituonyesha. Mimba imo ndani, mahali pake, na moyo unapiga, kitu kidogo kinachometameta upesi upesi. Pembeni yake kuna damu imekusanyika. Alisema nyingi za namna hii huendelea vizuri, nyingine hutoka, na hana dawa ya kuamua ipi. Anitha aliuliza kama ni ndoo za maji alizobeba. Daktari akamwambia si ndoo, na kulala miguu juu hakungezuia kitu. Turudi baada ya wiki mbili. Lakini pedi ikilowa ndani ya saa moja, au tumbo likikaza, au akihisi kizunguzungu au homa, turudi saa hiyo hiyo.

Modest alifika kabla jua halijazama, vumbi hadi kwenye kope. Alipita moja kwa moja kwa mkewe.

Jana, Jumamosi, kati ya watu thelathini waliokuwa waje kupukuchua walikuja kumi na mmoja. Wazee wawili walinisalimu kutoka barabarani, kwa heshima zote, wakaendelea na safari. Selestina alivua kandambili mlangoni, akapitiliza hadi chumbani na uji wake, akamwambia Anitha kwamba katika maisha yake hajaona malaria inayopigwa picha.

Sasa Dada, nikuambie lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1981 mama alipofariki, niliandika kwamba nina malaria na siwezi kusafiri. Mlimzika bila mimi. Umelinyamazia jambo hilo kwa miaka arobaini na minne, na najua ukimya huo una nini ndani. Sikuwa na malaria. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka wiki tatu kabla, na nilikuwa katika metimani. Siku zote nimejiambia kwamba mama mkwe ndiye aliyenizuia. Si kweli. Yeye alinionea huruma, akasema niende nikamzike mama. Ni mimi niliyekataa. Pamoja na cheti changu cha ualimu, niliamini kwamba nina kitu kibaya mwilini, na kwamba nikisimama kaburini nitakuachia wewe, uliyekuwa na mimba ya Evelyn. Nilikaa ndani miezi mitano. Hakuna aliyeingia.

Anitha bado anatokwa na matone ya kahawia. Kila akienda chooni nasimama nje nikisikiliza, na kila akitoka natazama uso wake kabla hajasema. Tunarudi hospitali tarehe kumi na sita.

Nakuomba uje, Dada. Ukikuta ule moyo unapiga, utaogopa pamoja nasi. Ukikuta umenyamaza, uingie vilevile mpaka chumbani, uketi kitandani kwake na ule chakula chetu.

Msalimie shemeji, Evelyn na watoto wake, na wote wanaoniulizia Kibosho, kama bado wapo.

Mdogo wako,
Cresensia