Chuo Kimekua, Kazi Ziko Wapi?

Kaka Royce,

Mama hajambo, na mipichi yake imezaa sana. Chuo cha mji nacho kinazidi kukua: jana walizindua jengo la tatu. Sisi wahitimu wa uchomeleaji, tulioahidiwa kazi katika kiwanda kipya cha magari, tulikalishwa mbele kama maua.

Nikamuuliza meneja wa kiwanda tunaanza lini.

“Dada, mafundi tumewaleta kutoka Texas. Kwenu zimebaki kazi za kufagia.”

Mkuu wa chuo akacheka, Royce! Nikamnyang'anya kipaza sauti, nikawatangazia watu wote jibu lile. Wakakizima, nikaendelea kwa kupaza sauti. Ukumbi mzima ukasimama kutuunga mkono.

Leo kiwanda kimetuita tukapimwe ufundi. Nitakwenda, lakini mtu asingoje nimshukuru.

Dada yako, mwenye hasira bado,
Verlene