Ngozi Iliyo Bafuni

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. ~~Mwambie mama yako aitoe ile ngozi ya kondoo bafuni.~~ Usimwambie kitu.

Alfajiri niliamka ili nikaitupe, harufu imenishinda. Nikamkuta mama anaivutavuta kwenye mgongo wa kiti, ameipaka viini vya mayai yetu yote. Juzi ilikuwa ngumu kama bati. Leo nimeishika, laini kama sikio la mtoto mchanga. Mikono ileile inayotetemeka ikishika kikombe!

Akanipima mabega kwa uzi. “Si wewe unayetoka na baridi kila siku?” Basi, akaendelea kuvuta.

Ukirudi leta trei ya mayai. Na ukisikia mtu analalamikia harufu humu ndani, si mimi.

Mama Watoto