Jino Moja la Mkanda

Zone 4, Pimville,
Soweto.
Jumapili, 8 Septemba 2019

Mpendwa Mjomba Rapula,

Leo nimeapa kukueleza kila kitu, hata kile ambacho sijamwambia Mama. Lakini kwanza nakusalimu. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la mgodini? Je, koti lililofumwa na Mama lilikutosha mabegani? Sisi tu wazima. Mama bado anasumbuliwa na magoti. Mimi niko darasa la kumi na sayansi naiweza.

Barua hii anakuletea jirani yetu Ntate Moagi, anayerudi huko Kathu kesho. Sikupiga simu kwa sababu ningelia, nawe ungedhani mtandao umekatika.

Jiwe la kaburi la Kaka Tumisang liko tayari. Tutalifunua Jumamosi tarehe 28. Vijana wote wanaozungusha magari watakuja, na wamekubaliana kwamba hakuna atakayewasha kabla ya gari lake jekundu, lile gusheshe. Litatangulia lenyewe, lizunguke nje ya makaburi mpaka moshi wa matairi ufunike lango, ndipo wengine wafuate. Unajua jinsi yeye mwenyewe alivyowazungushia wenzake waliotangulia. Hakukosa mazishi hata mara moja.

Tatizo ni kwamba gari lilikataa. Mwezi uliopita fundi wake wa siku zote, Bra Zweli, alikuja kuondoa turubai. Liliwaka, likakohoa, likatetemeka kama mtu mwenye homa. Alimwaga petroli ya zamani, akabadilisha plagi na nyaya zake, akafungua disbyuta na kuisafisha. Bado ukikanyaga mafuta linasita, halina nguvu, linachemka upesi.

Dada anayeuza mikate ya kota ng'ambo ya barabara akapaza sauti, "Bra Zweli, hilo ni gusheshe au trekta?"

"Trekta analo baba yako," akajibu bila kuinua kichwa, "na hulisukuma kila asubuhi!"

Jana alikuja na kipimo cha kompresheni, kile kinachopima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Aling'oa plagi, akakifunga kwenye silinda moja baada ya nyingine, mimi nikiandika namba kwenye daftari langu. Tulipomaliza ya sita alilichukua daftari, akazifuata namba kwa kidole.

"Unaona nini, mwanasayansi?"

"Zote ziko chini, Bra Zweli. Na zinakaribia kulingana."

"Basi. Injini ikichoka kwa uzee, huchoka huku na huku, silinda hii mbovu, ile nzima. Zikidhoofika zote sita kwa pamoja, kuna mtu kazipa saa isiyo yake. Lete spana. Tunafungua mfuniko wa mkanda."

Mjomba, nilijua kabla hajafungua.

Mwaka jana, mwezi kama huu, Kaka alibadilisha mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu zifunguke kwa wakati wake pistoni zinapopanda na kushuka. Tulikuwa wawili tu. Yeye alikuwa ameinama chini akiishikilia krenki kwa spana, na mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia juu kama alama ya puli imekutana na alama ya kichwa cha injini. Hakuwa ameitoa rejeta inayoziba mbele, kwa hiyo nilichungulia kutoka pembeni. Akauliza, "Imekaa?" Nikasema, "Imekaa, Kaka." Desturi yake ilikuwa kuizungusha injini mara mbili kwa mkono na kuangalia tena. Siku ile hakuizungusha. Alisema, "Macho yako yananitosha," akafunga mfuniko, tukaingia ndani kula.

Jana alama zile zilikuwa zimepishana jino moja. Ukisimama pembeni, unaona zimekutana. Ukisimama mbele, unaona zilivyopishana.

Ndivyo alivyokwenda nalo Klerksdorp kwenye mashindano yake ya mwisho. Wewe ulikuwa naye, mimi nilibaki na mitihani. Nilisikia tu kwamba lilizima katikati ya duara na watu wakapiga miluzi. Aliporudi alicheka, akasema, "Limechoka kidogo, kama mimi." Akalifunika. Wiki tatu baadaye nimonia ikamchukua, na katika wiki hizo hakulifungua tena, ingawa siku za kwanza alikuwa bado na nguvu zake.

Nilimuuliza Bra Zweli kama Kaka angeweza kutojua.

"Tumi? Yule alikuwa anasikia plagi moja ikikosa moto kutoka mtaa wa pili. Alijua kabla hajafika kwenye uwanja."

"Basi kwa nini hakulifungua?"

Alifuta mikono yake kwa kitambaa kwa muda mrefu, ingawa haikuwa michafu kiasi hicho. "Nipe spana ya kumi na tatu," akasema.

Tukaitoa rejeta. Akalegeza mkanda, akaurudisha jino moja, nami nikapiga magoti mbele kabisa. Akauliza, "Imekaa?" Nikasogeza uso karibu zaidi na puli. "Oratile, mgongo wangu ni wa zamani kuliko hili gari. Usiniache nimeinama." Nikaangalia mara tatu, nikasema imekaa. Akaizungusha injini mara mbili, nikaangalia tena. Ilikuwa imekaa.

Liliwaka kwa mguso wa kwanza, Mjomba. Likanguruma kama zamani. Mama alitoka jikoni mbio, mwiko wa kusongea pap mkononi, akasimama mlangoni akitabasamu. Kisha akaona ni Bra Zweli aliyekaa kwenye usukani. Tabasamu lile likaondoka polepole. Akageuka, akarudi jikoni. Sitaisahau sura ile.

Tarehe 28 vijana wanataka niketi kiti cha abiria likizungushwa. Nimeitikia, lakini sijui kama ninastahili.

Nisalimie Shangazi Dineo na watoto wake pacha, wale wakorofi. Waambie nimewawekea vitabu. Mama anakusalimu sana. Mungu akulinde kila unaposhuka chini ya ardhi, na akupandishe salama.

Ntate Moagi atarudi huku Jumamosi ijayo, kwa hiyo mpe jibu, tafadhali, hata kama ni mstari mmoja. Mlirudi pamoja kutoka Klerksdorp, saa mbili na zaidi njiani, ninyi wawili tu. Usinihurumie. Je, Kaka alikuambia kwamba alijua ni macho yangu?

Mpwa wako anayekupenda na kukungoja,
Oratile