Kitsao wa Junju, Kitsao wa Zipporah

Mwaka umetimia, Kitsao, tangu maradhi ya figo yakutoe mikononi mwetu, na mkeo Zipporah bado ana wivu.

Ulikuwa mwenyekiti wa vijana wa Junju. Pikipiki yako iliwafikisha wajawazito hospitali kabla ya kukufikisha wewe kazini. Ulizibua mitaro, ukawahangaikia watoto wa watu wapate shule, ukawapatanisha waliogombania mipaka ya mashamba. Nyumbani ulifika sima imeshapoa.

Jioni moja Zipporah alipika samaki wa nazi, akafunga mlango. Mara, "Hodi! Kitsao yupo?"

"Hayupo!" akajibu yeye, nawe umekaa mbele yake, tonge mkononi.

Ulicheka mpaka wa nje wakakusikia. Ukanawa, ukatoka. Hakukusemesha mpaka Jumapili.

Ulipolazwa Kilifi, vijana walijaa wodini, waliotoka Mnarani na waliotoka mbali Marafa, kila mmoja akitaka kukutolea damu. Muuguzi akauliza, "Mke wake ni nani hapa?" Zipporah akanyoosha mkono kutoka nyuma kabisa, kama mgeni.

Juzi walikuja tena, wakiongozwa na Nyale, binti aliyeshika nafasi yako. Wanajenga kibanda cha wagonjwa kusubiria gari, wakaomba kukipa jina lako.

"Mlimchukua akiwa hai," Zipporah akawaambia. "Jina niachieni mimi."

Mama yako akainamisha kichwa. Nyale hakubishana. "Sawa, wifi. Lako ni lako." Kisha wakaomba majembe, wakaingia kupalilia mahindi yake huku wakisimulia habari zako: ulivyovuka maji ya mafuriko na mgonjwa mgongoni, ulivyokuwa huogopi kitu.

Zipporah akavumilia, akashindwa. "Kitsao? Mjusi akidondoka kutoka kwenye makuti, alirukia kitandani akaniita mimi nimfukuze!"

Walicheka hata wakaegemea majembe. Naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Halafu akanyamaza ghafla, maana hata hilo la mjusi, alilokuwa amebaki nalo peke yake, sasa ni la Junju nzima.

Jina bado hajawapa. Anasema atafikiria.

Unakumbukwa na mkeo Zipporah, aliyesisitiza atangulie kutajwa. Mama yako Kahonzi. Baba yako Ngowa. Na ndugu zako wote. Vijana wa Junju nao wameomba kutajwa. Zipporah amekubali, ila mwisho kabisa.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.